SAFU YA MWALIMU: Je, sauti inaweza kusukuma maji?

Mwezi huu naanza na swali. Tulikuwa tunasoma habari za sauti darasa la sita, nikasema sauti ni mtikisiko. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama inatikisa, inaweza kusukuma maji?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana jibu sikuwa nalo. Nikaenda kutafuta.

Kumbe inawezekana! Kuna fuwele moja ngumu, inang'aa kama kioo, inaitwa lithiamu niobeti. Ikipata umeme inatanuka na kusinyaa kidogo sana. Wataalamu wanabandika juu yake nyuzi nyembamba za chuma, kama vitana viwili vilivyoingiliana meno. Umeme ukiwashwa, uso wa fuwele unatikisika mara mamilioni kwa sekunde, na mawimbi madogo yanakimbia juu yake. Huwezi kuyaona wala kuyasikia. Mwingereza Lord Rayleigh alieleza mawimbi ya aina hii mwaka 1885. Tetemeko la ardhi nalo linayatoa.

Sasa weka hapo tone la maji. Uso umepakwa kitu cha kuzuia maji yasishike, kwa hiyo tone linasimama kama umande juu ya jani la gimbi. Wimbi likilifikia, linaingia ndani kwa mshazari na kulisukuma mbele. Washa kitana cha kushoto, tone linakwenda kulia. Washa cha kulia, linarudi. Umeme ukiwa mdogo, linakorogeka tu palepale. Hakuna bomba wala pampu.

Faida yake nini? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, walitumia mawimbi hayo kupasua chembe za damu ndani ya tone na kulipasha joto, wakagundua vijidudu vya malaria ya panya. Sisi tuliokaa foleni na mtoto mwenye homa tunajua thamani ya kipimo cha tone moja. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya maabara, basi msingoje mashine. Mtoto akichemka, mpelekeni zahanati siku hiyohiyo.

Na yule binti? Nilimjibu mbele ya darasa zima. Safari hii hakuna aliyecheka. Wazazi, mtoto akiuliza jambo la ajabu nyumbani, tafadhali msimnyamazishe. Kama hamna jibu, mtumeni kwangu, tutatafuta pamoja.

Tukutane mwezi ujao.