Punguza Video, Lakini Faili la Asili Usiliguse!

Nimepotea kidogo hapa kijiweni, mambo ya kazi na msiba. Leo nimerudi na hasira, na hasira yenyewe ni ya faili la video. Msicheke kwanza.

Mwaka 2014 nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Binamu yangu aliyeko ughaibuni aliuchukua mkanda wa VHS wa harusi ya wazazi wangu, akauingiza kwenye kompyuta, akaniwekea mtandaoni. Nikakesha siku mbili nikilipakua faili lile, gigabaiti 2 na ushee. Mama akataka kuiona harusi yake kwenye simu yake ya vitufe. Nikatafuta programu ya bure, nikachagua 3GP, pikseli 176 kwa 144, nikabonyeza. Mama akacheka, mzee akacheka, mimi nikajiona bingwa. Kisha, kwa kuwa diski ilikuwa imejaa muziki na sinema (nisiwadanganye), nikalifuta lile faili kubwa.

Mzee alitutoka mwaka jana. Tukatafuta picha yake ya ujanani kwa ajili ya arobaini. Mkanda ulishaota ukungu ukatupwa. Kompyuta ya binamu iliibwa, na kile kiungo cha mtandaoni kilishakufa. Nikafungua kale ka-3GP kangu, nikaisimamisha picha pale mzee anapogeuka kumtazama mama. Nilichokiona ni miraba. Pua mraba, macho miraba miwili.

Hesabu yake ni ndogo tu. Mkanda wa mfumo wa PAL ukiingizwa kwenye kompyuta vizuri hutoa picha ya pikseli 720 kwa 576, yaani 414,720. Mimi nilibakiza 176 kwa 144, yaani 25,344. Kati ya kila pikseli 16 za baba yangu, nilitupa 15. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa nisikilizeni, maana najua wengi wenu mnafanya hivi hivi leo. Mtu anapakua video, anaona "nzito", anaipunguza, anafuta asili. Kesho anataka kuituma kwingine, anaipunguza tena kutoka kwenye ile iliyopunguzwa. Jamani! Kodeki ya kawaida, iwe H.264 au mdogo wake H.265, inapunguza uzito kwa kutupa vitu ambavyo inadhani jicho halitaviona. Ukirudia, inatupa tena kutoka kwenye mabaki. Ni sawa na kutoa kivuli cha kivuli cha cheti cha kuzaliwa. Mwisho wa siku hata jina lako halisomeki.

Na msiniambie "siku hizi kuna akili bandia, itairudisha". Nimejaribu. Imenipa uso safi kabisa, laini, unang'aa... wa mtu mwingine. Programu haikumbuki kilichotupwa, inakisia. Mama aliutazama akauliza, "Huyu nani?" Nikaizima kompyuta.

Najua mtasema bando ni ghali na diski ni ghali. Kweli kabisa, nami nanunua kwa pesa hizo hizo. Ndiyo maana sisemi msipunguze. Punguzeni! Kopi ya kutuma iwe ndogo mnavyotaka. Ninachopinga ni kuigeuza kopi kuwa ndiyo asili. Sinema utaipakua tena kesho. Harusi ya wazazi wako utaipakua wapi? Ukikosa nafasi, futa sinema.

Halafu mara nyingi hata hakuna haja ya kupunguza. MP4, MKV na AVI ni makontena tu, mzigo ni kodeki iliyomo ndani. Video ikikataa kufunguka kwa sababu ni MKV, na ndani yake mna H.264, hamisha mzigo kwenye kontena la MP4 bila kuugusa. FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, inafanya hivyo kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Dakika haiishi, na ubora haupungui hata chembe. Lakini sisi tunaisaga upya video nzima, kompyuta inaunguruma saa nzima, tunapata picha mbaya zaidi na tunafurahi!

Ukilazimika kupunguza ukubwa, anzia kwenye faili la asili kila mara. Andika upana, mfano 640, na urefu uache programu ikokotoe yenyewe. Usivute picha ya 4 kwa 3 ijaze kioo cha 16 kwa 9, unawanenepesha wazee wa watu bure. Na usikuze video ndogo ukiita "HD". Unaongeza kilo, huongezi sura.

Kwa waandishi wenzangu neno langu ni kali zaidi. Tunapokea video ya tukio ikiwa imepita kwenye simu za watu kumi kupitia WhatsApp, imeshakamuliwa njiani, kisha tunalalamika namba ya gari haisomeki. Mwombe aliyepiga akutumie kama dokumenti, si kama video, ili lisikamuliwe. Ukilipata, tunza faili hilo kwenye diski mbili kabla hujafanya lolote. Huo ni ushahidi.

Baba yangu hakuwa mtu maarufu, hakuna makavazi yatakayomtunza. Makavazi yake yalikuwa kompyuta yangu, na mtunza makavazi ni mimi, niliyefuta ili nipate nafasi ya sinema ambazo leo hata majina sizikumbuki.

Leo usiku, kabla hujalala, tafuta faili moja la nyumbani kwenu ambalo halina pacha, ulitolee kopi bila kulipunguza. Naomba kutoa hoja.