Barazani kwa Mwalimu: Gari Tuliache Wapi Tukienda Andalus?



Mwezi uliopita, darasa la Qur'ani la Jumamosi lilipokwisha, mama mmoja wa jumuiya yetu alitusimamisha mlangoni akatuuliza: "Mwalimu, likizo hii tunakwenda Andalus, in shaa Allah. Tukodi gari au twende kwa treni?" Safari yao ni ya watu sita: yeye na mumewe, watoto watatu, na mama mkwe wake ambaye magoti yamemchoka. Tulikuwa na haraka, viatu mkononi, tukamjibu kwa maneno matatu: "Kodini gari, mama." Tulidhani tunamhurumia yule bibi. Tulipofika nyumbani ndipo tulipokumbuka yaliyotupata sisi wenyewe Granada, tukatambua kwamba tumemjibu vibaya. Safu ya mwezi huu, basi, ni jibu la pili.

Kosa letu lilikuwa kusahau jinsi miji ile ilivyojengwa. Córdoba, Sevilla na Granada ilikuwa miji ya Waislamu kwa mamia ya miaka. Córdoba ilitekwa na wafalme wa Kikristo mwaka 1236, Sevilla mwaka 1248, na Granada, iliyobaki ya mwisho, ilisalimu amri tarehe 2 Januari 1492. Mitaa yake ya kale ilipimwa kwa upana wa nyumbu aliyebeba mzigo, na kuta zikasogezwa karibu ili kivuli kisikosekane. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji maelezo marefu. Kwetu hakuna mwenye akili timamu ambaye angeingiza gari katika vichochoro vya Kiponda kwa sababu tu mama yake ana magoti mabovu. Angeliacha Darajani, akamshika mama mkono wakaenda polepole. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akishuka uwanja wa ndege wa Málaga na kukabidhiwa funguo, hekima hiyo humtoka.

Nasi ilitutoka. Miaka michache iliyopita tulifika Granada saa nne asubuhi, sisi kwenye usukani, mama watoto pembeni na simu ya kutuonyesha njia, na nyuma wajukuu wawili pamoja na dada yetu mkubwa, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka sabini na tano. Mkononi tulikuwa na tikiti za Alhambra, yaani al-Hamra, ile ngome nyekundu. Kasri za Banu Nasr zilizomo ndani yake zina saa yake maalumu: tikiti huandikwa jina la mwenyewe na wakati anaoruhusiwa kuingia, na ukipita umepita. Wetu ulikuwa saa sita mchana. Tukajiona tuna wasaa. Nyumba tuliyopanga ilikuwa Albaicín, mtaa wa kale ulio juu ya kilima kinachoikabili Alhambra, tukasema tukatue mizigo kwanza.

Simu ikasema kushoto, tukaenda kushoto. Ikasema kulia, tukaanza kupanda njia ya mawe ya mviringo ambayo hata punda angeifikiria mara mbili. Mara njia ikawa finyu hata ikatubidi tukunje vioo vya pembeni, na mbele yetu ikatokea kona ambayo gari halikuweza kuikata kwa mara moja. Nyuma yetu ikaja teksi. Dereva wake hakupiga honi. Alishuka, akatutazama kwa huruma, akaanza kutuelekeza kwa mikono, kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka kioo cha kulia kikabaki ukutani. Sisi tukamkaripia mama watoto, mbele ya wajukuu, kwa kosa la simu. Tunaliandika hili kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa waume wengi watakaosoma hapa wanajua tunachokisema.

Mpaka tukatoka kule na kupata mahali pa kuegesha, saa saba ilikuwa imekaribia. Mlangoni mwa kasri kijana akaitazama tikiti, akaitazama saa yake, akatikisa kichwa. Alikuwa na haki. Bustani tuliziona, na ngome ya juu tuliiona, lakini zile kasri, ambazo dada yetu alizisomesha skuli kwa miaka thelathini bila ya kuzitia machoni, hatukuziona. Alikaa kwenye benchi chini ya mti akasema, "Si kitu, tutakuja mwakani." Mwakani hakuwapo tena, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baada ya miezi minne zikafika barua mbili za faini. Katikati ya Granada na katika Albaicín kuna njia walizoruhusiwa wenyeji, mabasi na teksi tu, na kamera husoma namba ya kila gari linalopita. Mgeni aliyefikia hotelini ndani ya eneo hilo huweza kuruhusiwa, iwapo mwenye hoteli atapeleka namba ya gari lake kwa wahusika. Lakini lazima aambiwe, na sisi hatukumwambia mtu. Sheria ya Hispania humpunguzia nusu ya faini anayelipa ndani ya siku 20, nafuu ambayo kwetu ilikuwa imeshapita. Juu yake kampuni ya kukodisha ikajikatia ada yake kwa kazi ya kupeleka jina letu.

Kilichotuuma zaidi ya faini ni ile teksi. Ilikuwa ikipita pale kwa ruhusa kamili, na ingemshusha dada yetu hatua chache kutoka mlango wa nyumba. Hapa ndipo tulipomkosesha njia yule mama wa Jumamosi. Tulidhani kwamba mzee asiyeweza kutembea anahitaji gari la kukodi. Mjini anachohitaji ni gari la mtu mwingine: teksi, au vile vibasi vidogo vyekundu vinavyopita katika njia ambazo sisi tulikwama. Basi C31 hupanda Albaicín, na C30 hupanda Alhambra. Hakuna anayetafuta maegesho, hakuna anayegombana na mkewe, na baba wa nyumba hupata macho ya kutazama alichokijia. Anayeendesha katika mitaa ile huona ukuta wa kulia na ukuta wa kushoto tu.

Aliye na gari na shabaha yake ni Alhambra peke yake asipite mjini kabisa. Barabara inayozunguka kwa upande wa kusini humfikisha moja kwa moja kwenye maegesho ya Alhambra, karibu na lango la tikiti. Kutoka hapo hadi mlango wa kasri ni mwendo wa robo saa au zaidi kwa mtu mzima wa afya. Kwa bibi mwenye magoti mabovu ihesabiwe saa nzima, na pasi za kusafiria zisisahauliwe, maana huombwa.

Córdoba na Sevilla hazina taabu hiyo kwa anayekwenda kwa treni. Njia ya treni ya kasi kutoka Madrid hadi Sevilla kupitia Córdoba ilifunguliwa mwaka 1992, tawi la Málaga likafuata mwaka 2007, na Granada ikaunganishwa mwaka 2019. Baina ya Córdoba na Sevilla ni dakika 45 hivi. Hatufichi kwamba kwa watu sita gari moja linaweza kuwa nafuu kuliko tikiti sita. Basi kalamu ishikwe, na katika hesabu ya gari itiwe mafuta, maegesho ya kila usiku, bima, na kiti cha mtoto. Aliyefika Córdoba kwa treni huchukua teksi ya muda mfupi hadi kwenye msikiti mkuu, ulioanzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza katika karne ya 8. Watoto waelezwe kabla ya kuingia kwamba leo ni kanisa kuu na Waislamu hawaruhusiwi kusali ndani yake. Mtoto anayegundua hilo akiwa ameshasimama mbele ya mihrabu huuliza maswali kwa sauti kubwa. Na anayetaka kuiona Madinat al-Zahra, mji wa Khalifa Abd al-Rahman wa Tatu ulioanza kujengwa mwaka 936, hata akiwa na gari lake huliacha chini, kwenye jumba la makumbusho, akapandishwa kwa basi.

Mlimani hukumu hugeuka. Kusini mwa Granada, kwenye mteremko wa Sierra Nevada, ipo nchi ya Alpujarra, na kule tunasema bila kusita: nendeni na gari. Huko ndiko alikopewa ardhi Abu Abdillah, sultani wa mwisho wa Granada, baada ya kutoa funguo za mji, na huko ndiko Waislamu waliolazimishwa kubatizwa walikoinuka mwaka 1568, wakapigana hadi 1571, kisha wakahamishwa na kutawanywa. Vijiji vya Pampaneira, Bubión na Capileira vimepandana kando ya korongo moja, cha juu kikiwa zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Nyumba zake ni nyeupe, na mapaa yake bapa ya udongo yanafanana na ya Waberiberi wa milima ya Moroko. Maji ya theluji hushuka mashambani kwa mifereji ambayo Wahispania mpaka leo huiita "acequia". Aliyesoma Kiarabu kidogo atalisikia humo neno "saqiya". Mjukuu wetu alitia mkono katika mfereji mmoja akapiga ukelele kwa baridi, mwezi wa Julai.

Basi kutoka Granada lipo, lakini safari zake kwa siku ni chache, na likikuteremsha Capileira kwa ajili ya saa mbili unaweza kukaa hapo saa tano. Mwenye gari husimama anapotaka. Sala ikiingia hutafuta penye kivuli na maji, akatandika mkeka. Chakula cha nyumbani hukipakia katika boksi la barafu, na hilo si jambo dogo, kwani kijiji cha Trevélez kina sifa Hispania nzima kwa mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa, nayo huning'inia juu ya kichwa cha mteja. Samaki wa mtoni yupo, ila muulizeni mpishi amekaangwa kwa mafuta gani na amejazwa nini, kwa maana wengine humtia kipande cha nyama hiyohiyo tumboni.

Hata huko, gari liachwe penye nafasi mwanzoni mwa kijiji. Ndani ni vichochoro vilevile. Bibi akae kwenye mkahawa wa uwanjani pamoja na mtu mmoja, wengine wapande. Barabara yenyewe ni nzuri lakini ina kona baada ya kona: watoto wasishibe kupita kiasi kabla ya kupanda, na dereva ashuke kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki njia nzima.

Hukumu hiyo twaitoa pia kwa vijiji vyeupe vya upande wa Ronda. Mji wa Ronda wenyewe, wenye daraja la mwaka 1793 lililosimama karibu mita 100 juu ya korongo, hufikika kwa treni au basi. Lakini Zahara de la Sierra, ngome ambayo kutekwa kwake na Wagranada mwishoni mwa 1481 kuliwasha vita vya miaka kumi vilivyowamaliza wao wenyewe, hufikika vyema kwa gari, kwa kupanda kutoka Grazalema na kuvuka mlima wa zaidi ya mita 1,100. Siku ya ukungu au mvua njia hiyo iachwe, na Grazalema ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Hispania.

Kuhusu kukodi tutasema machache. Sisi wa Afrika Mashariki tulijifunza kuendesha kushoto, na Uingereza tukaendelea kushoto. Kule ni kulia, na hatari kubwa huja asubuhi ya pili, mtu akishajiona mzoefu. Anayetaka gari lisilo la gia za mkono aliagize mapema. Mtoto asiyefika sentimita 135 hukaa nyuma katika kiti chake. Leseni ya kadi ya Uingereza yatosha. Jamaa wanaoungana nanyi kutoka Kenya au Tanzania wachukue leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka. Na gari la viti saba likijaa watu saba halina mahali pa masanduku.

Tulipokwisha kuandika haya tulimpigia simu yule mama, tukamwambia jibu letu la kwanza lilikuwa kosa. Tulikusudia kumshauri wakae Córdoba na Granada bila gari, kisha walikodi asubuhi ya kutoka Granada kwenda mlimani. Akacheka. Mumewe ameshalipia gari la siku kumi, kuanzia uwanja wa ndege wa Málaga, na fedha hazirudi. Basi tukamwambia: tafuteni hoteli pembezoni mwa Granada yenye maegesho yake, karibu na barabara ya mzunguko. Gari lilale hapo siku zote mtakazokuwa mjini. Tikiti za kasri chukueni za asubuhi, na saa moja na nusu kabla ya wakati wake iteni teksi, bibi akae mbele.