Shilingi ya Huduma ya Simu Hutoka Wapi?

Kila huduma ya simu ya mkononi ina gharama, na kila gharama ina mlipaji. Jambo hili ni wazi mno, lakini ndilo linalosahauliwa kwanza tunapojadili faragha ya watumiaji. Twazungumza juu ya sheria, juu ya maneno ya siri, juu ya hisabati ya kuficha ujumbe usisomwe njiani. Yote hayo ni mema. Hata hivyo, kwa maoni yangu, siri za mtumiaji hulindwa au huuzwa siku ile mwenye huduma anapoamua mapato yake yatatoka wapi. Baada ya siku hiyo mhandisi hubakiwa na nafasi ndogo sana ya kurekebisha mambo.

Tutazame mfano ulio karibu nasi, yaani programu za mikopo ya haraka. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008. Kila muamala wa fedha huacha ujumbe mfupi katika simu: kiasi kilichotumwa, jina la aliyetumiwa, salio lililobaki. Hivyo muuza mboga asiye na hati ya mshahara wala hati ya nyumba hujikuta ana daftari kamili la mapato na matumizi yake mfukoni, bila kuliandika yeye mwenyewe. Mkopeshaji akizisoma jumbe hizo aweza kukadiria uwezo wa mtu huyo wa kulipa deni. Huu ni ugunduzi wenye manufaa, na wanaoubeza aghalabu ni watu wasiopata kamwe kukataliwa mkopo.

Ubaya huanzia mahali pengine. Benki hudai dhamana kabla ya kukopesha. Mkopeshaji wa simu hana dhamana, na deni la shilingi elfu ishirini haliwezi kulipia gharama za kwenda mahakamani. Baadhi yao wakaona dhamana nyingine: orodha ya majina na namba iliyomo ndani ya simu. Wakati wa kujiandikisha, programu iliomba ruhusa ya kuisoma orodha hiyo, nayo ikanakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta za kampuni. Mkopaji alipochelewa kulipa, ujumbe ulimfikia shemeji yake, mwajiri wake, hata mwalimu wa mtoto wake, ukitangaza kuwa fulani ni mdaiwa sugu. Aibu ikawa ndiyo dhamana. Yafaa tuangalie kwamba hapa hakuna mwizi aliyevunja mlango wala siri iliyovuja kwa bahati mbaya. Chombo kilifanya kazi kama kilivyosanifiwa.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuchukue wakopaji 1,000, na tuseme kila mmoja ana majina 300 katika simu yake. Kampuni itakuwa imekusanya maingizo 300,000. Hata tukiyaondoa yanayojirudia, watabaki maelfu ya watu ambao hawakukopa hata senti, wala hawakubonyeza popote pa kusema wanakubali. Mwanafunzi wa uraia na ajiulize ni nani aliyetoa ridhaa kwa niaba yao.

Serikali hazikunyamaza. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na mwaka 2022 Benki Kuu yake ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijiti. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kampuni ya Google nayo, tangu tarehe 31 Mei 2023, ilizizuia programu za mikopo binafsi zilizomo katika duka lake kusoma majina na picha zilizohifadhiwa katika simu. Hatua hizi hazina budi kuungwa mkono. Lakini mkopeshaji ambaye biashara yake yote imesimama juu ya aibu, ukimfungia mlango mmoja atatafuta dirisha.

Basi msanifu afanyeje? Aanze kwa kuuliza ni kitu gani hasa mkopeshaji anahitaji kukijua. Hahitaji kujua kuwa Jumanne ulimtumia fedha mama yako, wala kwamba ulilipia dawa hospitalini. Anahitaji kujua jambo moja tu: je, deni hili yaelekea litalipwa? Hesabu hiyo yaweza kufanyika ndani ya simu yenyewe, jumbe zikasomwa humo humo, kisha matokeo peke yake yakapelekwa kwa kampuni: namba moja badala ya maisha ya mtu. Mahali pa orodha ya majina pawekwe wadhamini wawili walioombwa na kukubali wenyewe, kama vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinavyofanya tangu zamani. Mkopo wa kwanza uwe mdogo, na ukue kadiri mtu anavyolipa.

Mwanafunzi mwerevu atapinga hapo: mtu hawezi kuichezea programu iliyo mkononi mwake, ikatoa matokeo ya uongo? Aweza. Kwa sababu hiyo baadhi ya mikopo itapotea, na hasara hiyo italipwa na mtu, ama kwa riba ya juu kidogo ama kwa faida ndogo ya mkopeshaji. Faragha ina bei, na anayesema haina hajawahi kuandaa hesabu za kampuni.

Bei hiyo imekwisha kuonekana kwingineko. Signal, huduma ya ujumbe inayoendeshwa na taasisi isiyotafuta faida, ilitangaza mwaka 2023 kwamba kutuma namba za kuthibitisha simu za watumiaji kuliigharimu kiasi cha dola milioni 6 kwa mwaka, na kwamba gharama zake zote zilikadiriwa kufika dola milioni 50 kwa mwaka ifikapo 2025. Fedha hizo hutegemea michango. WhatsApp, kwa upande wake, ilikuwa ikitoza baadhi ya watumiaji dola moja kwa mwaka. Facebook iliinunua mwaka 2014, na ada hiyo ikafutwa Januari 2016. Wengi walishangilia. Mimi naona dola ile ilikuwa bei nafuu.

Wapo watakaosema kwamba ada humfungia mlango maskini, na hoja hii ni nzito. Lakini maskini wetu amekuwa akilipa ada kila anapotuma fedha kwa simu, na huduma hiyo imestawi. Tatizo ni kwamba ada peke yake haitoshi. Mwaka 2012 nchini Kenya ilianzishwa M-Shwari, ambamo kumbukumbu za matumizi ya simu na za miamala zilitumiwa kukadiria mkopo. Mteja hakuchukiwa wala kuaibishwa, lakini rekodi alizozizalisha kwa huduma aliyokwisha kuilipia zikageuka chanzo cha mapato ya pili. Kwa hiyo ada iambatane na ahadi iliyoandikwa: kumbukumbu hizi ni za kazi hii, na zitafutwa baada ya muda huu.

Ningependa walimu wa kompyuta na wa biashara walifanyie zoezi darasani. Wanafunzi wanapobuni programu, wachore jedwali lenye safu mbili: upande mmoja kila taarifa itakayochukuliwa kwa mtumiaji, upande wa pili kazi au shilingi itakayoletwa na taarifa hiyo. Programu ya kuonyesha matokeo ya mtihani, kwa mfano, yahitaji namba ya mtahiniwa. Ikiomba pia namba ya simu ya mzazi na mahali anapoishi, safu ya pili ijazwe, au taarifa hiyo ifutwe. Kisha lije swali gumu zaidi: programu hiyo ilipiwe na shule, na mzazi, au na wizara? Darasa likigawanyika, liachwe libishane.