Usiruke Mabano: Mwili wa Mhusika Nao Husema

Nikikuuliza sasa hivi umuhimu wa viziada lugha, utanijibu bila kusita: huvuta makini ya hadhira, huondoa ukinaifu, hukazia ujumbe, hudhihirisha hisia za fanani. Alama zako hizo, chukua. Shida ni kwamba orodha hiyo umeihifadhi katika fasihi simulizi peke yake, kisha unaingia kwenye tamthilia mikono mitupu. Huko unakutana na maneno yaliyofungiwa ndani ya mabano, (Akishusha pumzi), (Akimpa mgongo), (Kimya), nawe unayaruka ili ufike haraka kwenye mazungumzo.

Kwa maoni yangu, makosa mengi tunayofanya tukieleza sifa za wahusika huzaliwa hapo. Mwanafunzi mmoja huruka mabano. Mwingine huyasoma, lakini huyafasiri kwa desturi yake badala ya desturi ya mhusika. Huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Wa kwanza amekosa hoja. Wa pili amemsingizia mtu.

Tazama kisehemu hiki, nilichokitunga kwa ajili ya somo hili tu:

BAVYAA: Pesa za bonasi ya chai zimeenda wapi?
REHEMA: (Amepiga magoti, macho chini. Kimya kirefu.) Sijui, baba.
BAVYAA: (Akimgeukia mkewe.) Umesikia hayo?
MAVYAA: (Anainamia meko na kuchochea moto unaowaka vizuri.) Nimesikia.

Nani anaficha jambo? Wengi wataandika: "Rehema ni mwongo. Anashindwa kumtazama baba mkwe wake machoni." Ngoja kwanza. Katika jamii nyingi za kwetu, mkaza mwana hamkazii macho bavyaa wake, awe na hatia au asiwe nayo. Rehema angeinamisha kichwa hata kama angeulizwa habari za mvua. Macho yake yanatuambia kuwa ana adabu na kwamba anajua nafasi yake katika boma lile. Kuhusu pesa, hayajatuambia lolote.

Sasa mrudie mavyaa. Yeye anazungumza na mume wake waliyeishi naye miaka mingi. Hakuna mwiko unaomzuia kumtazama. Moto unawaka vizuri, lakini anauchochea. Mwandishi asingepoteza wino kutueleza hali ya moto kama hakuwa na sababu. Huenda mama huyu anazijua pesa zilipo. Huenda hakuzichukua yeye, ila anamjua aliyezichukua na anamwogopa au anamlinda. Hapo bado hujapata jibu kamili, lakini umepata swali la kwenda nalo kwenye onyesho linalofuata, na swali hilo limetoka ndani ya mabano.

Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: kabla ya kuifasiri ishara, uliza mhusika huyu hufanya nini siku za kawaida mbele ya mtu huyu. Kama ni mazoea yake, ishara inaeleza uhusiano wao. Kama ameyaacha mazoea yake ghafla, hapo ndipo pa kuchimba. Rehema akianza kumtazama bavyaa moja kwa moja katika onyesho la tano, kaa wima kwenye kiti chako. Kuna jambo limevunjika.

Wewe mwenyewe unaujua uzito wa jambo hili nje ya kitabu. Umeitwa kwenye ofisi ya nidhamu. Ukitazama sakafu, unaambiwa, "Niangalie ninapoongea nawe! Unaficha nini?" Ukiinua uso, unaambiwa umemtolea mwalimu macho. Si lazima mwalimu awe mkorofi. Ndani ya chumba kile mna desturi mbili: ile iliyokulea, isemayo mtoto hamkodolei mkubwa macho, na ile ya mahojiano ya kazi na filamu za kigeni, isemayo mtu mkweli hutazama machoni. Zote mbili ni za kweli kwa wenyewe. Tatizo huja pale mmoja anapokuwa na kiboko cha maamuzi mkononi na mwingine hana.

Mahakamani jambo hili huwa zito zaidi. Sheria yetu ya kesi za jinai inampa hakimu nafasi ya kuandika maoni yake kuhusu jinsi shahidi alivyojibeba alipokuwa akitoa ushahidi. Fikiria msichana aliyefunzwa kuinama mbele ya wazee, sasa anaulizwa maswali mbele ya umati wa wanaume waliovaa suti. Nani atamwandikia desturi yake kwenye faili?

Hata ndani ya nchi moja ishara hubadilika maana kwa haraka. Waulize wazazi wako kuhusu vidole. Mapema miaka ya 1990, kuinua kidole kimoja kulimaanisha KANU, na vidole viwili vilimaanisha vyama vingi. Ungeweza kupiga kampeni kutoka dirishani mwa matatu bila kutamka neno. Vidole hivyohivyo viwili Winston Churchill alivitumia kama alama ya ushindi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Lakini huko kwao Uingereza, ukivigeuza ili mgongo wa mkono umwelekee mwenzako, umemtukana. Mzee wa Kimaasai akimtemea mtoto mate kidogo, amembariki. Jaribu hilo kwa mtoto wa jirani yako mtaani, kisha unieleze.

(Kidokezo cha haraka, kwa kuwa kosa hili hujirudia: usiiweke Lugha ya Ishara ya Kenya katika kundi la viziada lugha. Hiyo ni lugha kamili yenye msamiati na sarufi yake, na Katiba ya 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Viziada lugha huandamana na maneno au huyajaliza.)

Turudi kwenye Karatasi ya Tatu. Ukiulizwa muktadha wa dondoo kwa alama 4, utataja msemaji, msemewa, mahali na sababu, na hilo linatosha. Lakini swali likienda kwenye sifa au uhusiano wa wahusika, usiishie kwenye kauli zao. Usiandike "Mavyaa ni msiri" na kunyamaza. Andika: "Mavyaa ni msiri, anapoulizwa na mumewe anageukia moto usiohitaji kuchochewa." Sifa imepata ushahidi, na mtahini ameona kwamba ulikuwepo jukwaani.

Jioni hii chagua onyesho moja katika tamthilia unayoisoma. Lipitie mara ya kwanza ukisoma mabano tu, ukiacha mazungumzo yote. Kwa penseli, andika pembeni nani anamtazama nani, nani anakwepa, nani amenyamaza na kwa muda gani. Kisha rudi usome walichosema, uone ni wapi mdomo na mwili vimepingana.