Aliyeuza Jina Lake

Yako mafunzo ambayo mwananchi aweza kuyapata hata katika mchezo wa televisheni uliokusudiwa kumburudisha tu. Mmojawapo ni "Halston", uliotolewa na Netflix mwaka 2021 katika sehemu 5, ambamo Ewan McGregor aliigiza maisha ya Roy Halston Frowick, mbunifu wa mavazi wa Marekani.

Halston alizaliwa Des Moines mwaka 1932. Alianza kwa kutengeneza kofia, na ile aliyoivaa Jacqueline Kennedy siku mumewe alipoapishwa kuwa Rais, mwaka 1961, ndiyo iliyomtia midomoni mwa watu. Baadaye akageukia nguo, akavuma New York kwa mishono isiyo na makuu.

Watazamaji wengi watasema kilichomwangusha ni kokeini, anasa na kiburi. Hayo yalikuwapo, wala hatuyatetei. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumepogoa matawi tukauacha mzizi. Mzizi ni mkataba wa mwaka 1973, ambapo Halston aliiuzia kampuni ya Norton Simon si biashara yake tu, bali pia haki ya kulitumia jina lake. Tangu hapo akawa mwajiriwa chini ya jina lake mwenyewe.

Mwaka 1982 alikubaliana na JCPenney, maduka ya watu wa kipato cha kawaida, kuwabunia nguo za bei nafuu. Bergdorf Goodman, duka la matajiri, likaacha kuuza nguo zake. Sisi hatuoni kosa katika kutaka kuwavika walio wengi. Hilo lilikuwa jambo jema. Msiba ni kwamba hakuwa tena na kauli. Kampuni ilipopita mikononi mwa wanunuzi wengine, mwaka 1984 aliondolewa katika shughuli aliyoianzisha. Jina likaendelea kuuza bidhaa, mwenye jina akiwa nje. Alijaribu kulikomboa asifanikiwe, hata akafariki mwaka 1990.

Ndiyo desturi ya ubepari: hautosheki na jasho la mfanyakazi, hutaka na utu wake uwe bidhaa. Kwa hiyo ninyi walimu, wanafunzi wenye vipaji vya kuchora, kuimba na kushona wafundisheni pia kusoma mkataba hadi kifungu cha mwisho kabla ya kutia saini. Nanyi watumishi wa serikali mnaosimamia haki za wasanii, kazi hiyo msiione ndogo. Fedha zikiisha hutafutwa nyingine; jina likishauzwa, majuto hayalirudishi.