Ada Ikishalipwa

Kila Januari, shule za sekondari za Tanzania zinapopokea Kidato cha Kwanza, maelfu ya familia huwa zimeshika karatasi moja ndefu: maelekezo ya kujiunga. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi tena ada kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na mwaka 2022 msamaha huo ukafika Kidato cha Tano na cha Sita. Lakini orodha haijafupika sana. Kuna sare, viatu, madaftari, rimu ya karatasi, jembe au fagio, na kwa anayekwenda bweni kuna godoro, shuka, ndoo na nauli. Kwa mama anayeuza mchicha, orodha hiyo ndiyo mtihani wa kwanza wa sekondari, na wako watoto wanaokwamia hapo kabla hawajalijua darasa lao.

Tumelitenga toleo hili kwa ajili ya ufadhili wa masomo, na hatukusudii kuwapamba wafadhili wala kuwasuta. Tunataka kusema jambo moja. Kijana wa familia maskini hupata kazi ya maana kupitia elimu ya kufadhiliwa pale ambapo mfadhili amelipia na yale yanayoizunguka ada, kisha akamsindikiza kijana mpaka amesimama kazini. Ufadhili unaokoma kwenye risiti ya mhasibu wa shule hutupatia wahitimu. Kuwapatia wahitimu hao njia ya kuishi ni shughuli nyingine, na wengi wetu hatujaianza.

Tuanze na historia, maana ndiyo iliyotuzoesha vibaya. Viongozi wengi wa kizazi cha Uhuru walisomeshwa na mikono ya watu wengine. Julius Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili wa masomo, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A., akafundisha Pugu. Kwa jirani zetu wa Kenya, Tom Mboya alizunguka Marekani akichangisha fedha za kuwasafirisha vijana waliokuwa wamepata nafasi vyuoni huko lakini hawana nauli. Ndege ya kwanza iliwafikisha New York wanafunzi 81 mnamo Septemba 1959. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia majina yao katika kampeni ya michango. Mwaka uliofuata taasisi ya familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000. Katika kundi la mwaka huo wa 1960 alikuwamo msichana kutoka Nyeri aliyepelekwa chuo kimoja cha Kansas. Ni Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Safari zile hutajwa kama ushahidi kwamba ukimsomesha kijana mwenye akili, mengine yatajipa. Wanaosema hivyo husahau kwamba wahitimu wale walikuta viti vitupu. Wakoloni walikuwa wanafungasha, wizara zinahitaji makatibu, vyuo vinahitaji wahadhiri, hospitali zinahitaji madaktari. Shahada ilikuwa barua ya ajira. Mfadhili wa mwaka 1960 alikuwa na haki ya kuamini kwamba kazi yake inaisha siku ya mahafali, kwa sababu serikali mpya ilikuwa inamsubiri kijana wake uwanja wa ndege.

Leo hakuna anayemsubiri. Hata hivyo mikataba mingi ya ufadhili bado imeandikwa kama vile viti vile vingali vitupu: ada ya muhula, ripoti ya matokeo, picha ya mahafali, kwaheri.

Hebu tumfuate kijana huyo hatua kwa hatua. Amefaulu Kidato cha Sita na anataka mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kama ni yatima, atatakiwa kuwa na cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Watoto wa vijijini wanaojua mzazi alizikwa wapi ni wengi, wenye karatasi ya kuthibitisha ni wachache. Yaani maskini kuliko wote ndiye anayeweza kushindwa kuuthibitisha umaskini wake, na dawa yake ni mtu mzima mmoja wa kumwongoza kutoka ofisi hii hadi ile miezi kadhaa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Hiyo haimo katika bajeti ya ada.

Chuoni, boom, yaani fedha ya kujikimu, likichelewa, mwenye wazazi wenye uwezo hupiga simu nyumbani. Mwenzake hulala njaa au hukopa. Ukifika wakati wa field, yaani mafunzo kwa vitendo, nafasi nzuri huenda kwa anayemfahamu mtu ndani ya taasisi, na mara nyingi ziko mijini, kwenye pango na nauli za kila siku. Akihitimu, atashauriwa ajitolee mahali kwanza ili apate uzoefu. Kujitolea bila posho jijini Dar es Salaam kunawezekana kwa mwenye shangazi Sinza au Mbagala. Aliyetoka Ngara bila ndugu mjini, ushauri huo kwake ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Tena shahada yenyewe katika fani nyingi haitoshi. Mwenye shahada ya sheria hawi wakili mpaka apitie Shule ya Sheria. Mhasibu anatakiwa kufanya mitihani ya bodi, NBAA. Mhandisi hutakiwa kufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kama mtaalamu. Hatua hizi zote zina gharama, na zote huja baada ya mfadhili kufunga faili. Ndiyo maana vijana wawili waliokaa dawati moja na kupata alama zinazolingana wanaweza kukutwa miaka mitano baadaye, mmoja ana mhuri wa ofisi na mwenzake anauza vocha. Tofauti yao haikuwa darasani.

Nani amelishughulikia jambo hili? Wapo, na baadhi yao si wageni kwetu. Nairobi, mwaka 1959, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Starehe katika mabanda ya bati kwa ajili ya wavulana wa mitaani, wengi wao yatima wa miaka ya vita vya Mau Mau. Wasio na uwezo walisomeshwa bure, wenye uwezo wakalipa kadiri ya mapato yao, wote wakavaa sare moja na kula meza moja. Zaidi ya hapo, wanafunzi wa Starehe walizoeshwa kutumia likizo zao kujitolea katika ofisi, hospitali na mashirika. Mvulana aliyetoka kibandani alimaliza shule akijua namna ya kuingia ofisini, kusalimia, kupokea maagizo na kukumbukwa kwa jina. Mtoto wa mkurugenzi hujifunza hayo mezani kwa baba yake.

Arusha, Shule ya St Jude iliyoanzishwa mwaka 2002 na Gemma Sisia wa Australia huwasomesha bure watoto wanaochaguliwa kwa mtihani na kwa kutembelewa nyumbani, ili hali ya familia ionekane kwa macho. Wanapomaliza Kidato cha Sita hupewa nafasi ya kutumikia jamii kwa mwaka mmoja, wengi wakifundisha katika shule za serikali zenye upungufu wa walimu, na baada ya hapo ufadhili unaweza kuendelea chuoni. Mwaka huo una faida mbili: shule ya kata inapata mwalimu wa hisabati, na kijana anapata mistari ya kwanza ya wasifu wake wa kazi.

Shirika la CAMFED, lililoanza Zimbabwe mwaka 1993 na kuingia Tanzania mwaka 2005, lilikwenda mbali zaidi. Wasichana waliosomeshwa walianzisha umoja wao mwaka 1998. Katika umoja huo wapo wanaorudi katika shule za vijijini kuwa washauri wa wadogo zao, na wanaopewa mikopo ya kuanzisha biashara, mikopo isiyotozwa riba ya fedha, bali riba yake hulipwa kwa saa za kujitolea shuleni. Msichana anapata mtaji, shule inapata dada mkubwa anayejua njia. Haya yote ni mambo ya baada ya ada.

Kuna jambo jingine tunalotaka wafadhili walisikie, hata kama halipendezi. Wengi wenu mnamtaka mwanafunzi bora. Fomu zinaomba daraja la kwanza, hadithi yenye machozi na ndoto ya udaktari. Vijana wa aina hiyo wapo na wanastahili, lakini si wengi, na mara nyingi wafadhili watatu wanamgombea mmoja. Nyuma yao kuna umati wa waliopata daraja la nne, ambao fundi umeme, fundi bomba, mshonaji au fundi wa majokofu angetoka kwao kwa kozi ya ufundi ya VETA ya mwaka mmoja au miwili. Bodi ya Mikopo nayo ilianza kuwakopesha wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24 tu, tena kwa fani za kipaumbele. Anayetafuta mahali ambapo shilingi yake itazaa haraka atazame huko. Ila asisahau vifaa. Binti aliyehitimu ushonaji bila cherehani, au kijana aliyejifunza kuchomelea bila mashine, amepewa ujuzi na kunyimwa kazi kwa wakati mmoja.

Tunajua hoja ya upande wa pili. Wako wanaosema ufadhili huwafanya vijana wawe tegemezi, na kwamba kumsindikiza mtu hadi kazini ni kumdekeza. Wako pia wanaosema haya ni majukumu ya serikali. Hoja ya pili ina uzito: hakuna mfuko wa hisani utakaofuta upungufu wa walimu na mabweni, na mfadhili hapaswi kuwa kisingizio cha bajeti finyu. Lakini mtoto aliye Kidato cha Tatu leo hawezi kusimama kusubiri bajeti ya miaka kumi ijayo. Hoja ya utegemezi haina mashiko. Mtoto wa tajiri husindikizwa toka chekechea mpaka ajira ya kwanza, akitambulishwa kwa huyu na kuombewa nafasi kwa yule, na hatujasikia mtu akimwita tegemezi.

Deni, hata hivyo, lipo. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, amekisaliti kijiji. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao takriban 400, kisha akapunguza mishahara ya vigogo, akianza na wa kwake. Mtu anaweza kubishana na ukali ule. Kiini chake hakibishaniki. Anayekopa Bodi hulipa deni lake kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara. Aliyesomeshwa na mtu au taasisi hana makato, kwa hiyo lazima ajikate mwenyewe.

Chris Mburu wa Kenya alijikata. Alisomeshwa kwa michango midogo ya Hilde Back, mwalimu wa Sweden aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa mtoto. Mburu alisoma sheria Nairobi kisha Harvard, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2001 akaanzisha mfuko wa kusomesha watoto maskini wa Kenya kwa jina la mama huyo. Hakumrudishia Hilde Back fedha zake. Alizipeleka mbele.

Basi tunayoyaomba ni machache. Mfadhili, tenga sehemu ya fungu lako kwa nauli ya usaili, mitihani ya bodi, vifaa vya kazi na miezi ya kwanza ya kujitolea, hata kama itakulazimu kupunguza idadi ya wanafunzi. Acha kudai picha na barua za shukrani kila muhula. Kijana si bango lako. Na wewe uliyesomeshwa, ambaye sasa una ofisi, mpe kijana mmoja nafasi ya field, mfundishe kuandika barua ya maombi, mtambulishe kwa watu wawili wanaoajiri. Hiyo haikugharimu shilingi, na hakuna mfadhili wa ng'ambo anayeweza kuifanya badala yako.

Katika kurasa zinazofuata utawasoma waliosomeshwa, waliosomesha na walioachwa njiani. Ukimaliza, kabla hujamchukua mwanafunzi mpya, mtafute yule wa mwisho uliyemhitimisha na umwulize anafanya kazi gani. Jibu lake ndilo ripoti yako.