"Ubongo wao haujakomaa" si jibu, mzee

Wasee wangu, wiki jana nilikuwa matanga huko Bungoma. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akapewa maiki. Badala ya kumzungumzia marehemu, akatugeukia sisi vijana tuliokaa nyuma ya hema: "Hawa Gen Z msiwasikize sana. Sayansi imesema ubongo wa mtu haukomai mpaka miaka 25." Hema nzima ikacheka. Mimi niko na 22 na niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hata mathee aligeuka akaniangalia na yale macho ya "umesikia?"

Nimesikia. Nilirudi Kitale na hasira, nikaanza kusoma. Na manze, hiyo sayansi imesema mengi ambayo mzee hakuyataja.

Tuanze na hiyo 25. Mwaka 1991 huko Marekani, daktari Jay Giedd na wenzake walianza kupiga picha za ubongo kwa mashine ya MRI, mtoto yuleyule tena na tena kadiri anavyokua. Waliona kwamba ubongo wa kijana bado unajengwa, na sehemu ya mbele, ile ya kupanga na kujizuia, ni kati ya zile zinazochelewa zaidi. Ujenzi unaendelea hadi miaka ya ishirini. Lakini hakuna swichi inayowashwa siku ukikata keki ya miaka 25. Ni kama mahindi yetu ya Trans Nzoia. Hakuna anayeweza kukutajia saa ambayo yalikomaa. Na hakuna mkulima anayeingia shambani Julai kuyatukana kwa sababu bado ni mabichi.

Pili, si kila kitu kinachelewa. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa nchi 11, watu zaidi ya 5,000 wa miaka 10 hadi 30. Kenya ilikuwemo. Vijana walipimwa Kisumu, hapo tu, si California. Waligundua kwamba uwezo wa kufikiri ukiwa umetulia, yaani kukumbuka na kupima hoja, unafika kiwango cha mtu mzima karibu na miaka 16. Kinachochelewa ni kujizuia wakati damu imechemka. Sasa niambie, mzee. Juni 2024, vijana walipokaa chini na Mswada wa Fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu na kuutafsiri kwa lugha za nyumbani, walitumia ubongo upi? Ni ule uliotulia. Kazi hiyo mtu wa miaka 19 anaiweza kama wewe. Ukimjibu kwa "ubongo haujakomaa", umekwepa hoja tu.

Lakini sitawadanganya, kuna sehemu inayotuuma sisi. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Temple waliwaweka watu ndani ya MRI wakicheza mchezo wa kuendesha gari. Unafika kwa taa, uamue kusimama au kupita. Halafu wakaleta marafiki, wakae chumba cha pili waangalie kwa skrini. Watu wazima hawakubadilika. Vijana wa 14 hadi 18 walianza kukimbiza gari na kugonga zaidi, na sehemu za ubongo zinazohusika na utamu wa zawadi zikawaka. Hakuna rafiki aliyewashika usukani. Kujua tu kwamba wanaangaliwa kulitosha.

Niliposoma hiyo niliweka simu chini.

Tukiwa kidato cha tatu, shule ya bweni, kulikuwa na mgomo. Jamaa yangu, aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu, alinivuta kando jioni hiyo akaniambia, "Usiingie kwa hii maneno, mwaka ujao tuko na KCSE." Alikuwa ametulia na alifikiri vizuri. Saa tatu usiku, mbogi nzima ikiwa uwanjani inamtaja jina, yeye ndiye aliyerusha jiwe la kwanza kwa dirisha la ofisi. Alifukuzwa kesho yake, kesi ya dakika kumi. Mimi nilikuwa kati ya waliokuwa wanashangilia. Nilifanya KCSE yangu vizuri tu.

Sisemi asingeadhibiwa. Dirisha lina bei, na Kenya tumezika watoto kwa sababu ya mioto ya mabweni. Wavulana 67 walikufa Kyanguli mwaka 2001. Hatuchezi hapo. Ninachosema ni kwamba adhabu iliangukia mkono mmoja, na shule haikujiuliza hata siku moja kuhusu yale macho yote.

Halafu kuna wanaotaka kiboko. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, imekikataza. Bado mwaka 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alitaka kirudi shuleni. Mwaka huohuo watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya picha za ubongo wa watoto 147. Waliowahi kuchapwa, hata bila kuumizwa sana, ubongo wao wa mbele uliwaka zaidi wakionyeshwa sura za hofu. Yaani wako macho kutafuta hatari. Unataka kijana ajifunze kujizuia, halafu unamfundisha kuogopa?

Na wazee wetu walijua hii kitu kabla ya MRI. Kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, hapa Bungoma mvulana wa Kibukusu anapiga chinyimba, anazunguka kwa jamaa zake akiimbiwa, kisha alfajiri anasimama amepakwa matope mbele ya kijiji kizima, bila kutingisha kope. Anaweza kwa sababu anaangaliwa. Sisemi desturi hiyo haina makosa yake. Nasema waliomjenga waliyachukua macho ya wenzake wakayapa kazi. Uholanzi nako, watafiti walipima vijana wa 12 hadi 16 wakigawana pesa na kikundi. Wenzao wakisifu ukarimu, wanatoa zaidi. Macho yaleyale.

Sasa nyinyi wa TikTok mnaoandika "msinilaumu, ubongo wangu bado unapakuliwa": acheni. Huo ni wimbo wa yule mzee, mmebadilisha sauti tu. Ubongo unaojengwa unajengwa na unachofanya kila siku, na mwenzako anajengwa na unachokishangilia.

Kwa hivyo walimu wakuu, kabla ya kumfukuza mtu wa miaka 16, ngojeni siku chache. Mketi naye akiwa peke yake, ametulia. Ulizeni nani alikuwa anaangalia. Na mkimtoa, mwandikieni njia ya kurudi.

Jamaa yangu anaendesha boda hapa Kitale. Juzi nilimkuta steji nikamweleza ule mchezo wa gari, marafiki chumba cha pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo.

"Kwa hivyo ile usiku," akaniambia, "ni nyinyi mlikuwa mnaniendesha."

Sikuwa na jibu. Nimechelewa miaka sita, lakini hii posti ndiyo mwanzo wa kulitafuta.